Bahari Katika Mitungi

Majengo, Nyeri
13 Machi 1977

Kaka Dawud,

Pokea salamu za nyumba hii, pamoja na za baridi yetu ambayo haina habari kwamba huko kwenu watu wanalala nje kwa joto. Sisi hatujambo. Huseni hajambo, na hoteli yake ya chai karibu na stendi inakwenda vizuri. Mwaka huu wenye kahawa wana pesa, na kila mtu anataka chai ya maziwa matupu na mandazi juu yake. Shemeji Subira hajambo? Watoto je? Msalimie, hata kama hataki kusalimiwa.

Chumba cha marehemu mama kiko vipi? Nilikuuliza kabla ya mwaka kwisha, ukanijibu habari za bei ya samaki.

Sasa jambo lenyewe. Unalikumbuka lile tumbawe laini nililolichukua Kanamai, likiwa limeshika kwenye jiwe dogo, ukanicheka mbele ya watu ukasema wanawake wengine wakirudi bara hubeba achari? Lilifika salama ndani ya ndoo. Huseni alinunua tangi la kioo na pampu ya hewa kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame, akaliweka chumba cha nyuma, akafunga taa ndefu juu yake. Mimi ninayeishi mbali na bahari kuliko watu wote wa ukoo wetu nikawa na bahari yangu ndogo. Mwaka mzima tumbawe limekaa kama mgeni aliyeridhika. Rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa, na kila asubuhi taa ikiwaka lilitoa vidole vyake, na juu ya vidole vijiua vidogo vikicheza na maji. Majirani walikuja kulitazama.

Tangu mwezi uliopita limejikunja. Vidole vimesinyaa, vijiua havitoki tena, na limevaa ute kama mtu aliyepakwa uji. Samaki wawili niliowatia humo nao wamekuwa wazito. Nisaidie, Kaka. Unafanya kazi bandarini, unaonana na watu wanaoijua bahari. Waulize.

Usicheke. Nakwambia wazi ili usije ukasema sikukwambia: likifa hili, narudi nyumbani. Siwezi kukaa mahali ambapo kila ninachokishika kinanifia.

Mdogo wako,
Chiku


Mombasa
9 Aprili 1977

Kwa mdogo wangu Chiku,

Baada ya kukutakia kila la heri, nakujulisha kwamba sisi sote tu wazima kwa rehema zake Mola. Mwanangu Rashid amepanda darasa. Subira analalamika mguu, lakini mguu huo hulalamika zaidi siku za kufua. Naomba radhi kwa kuchelewa. Godauni letu limejaa magunia ya kahawa ya huko kwenu mpaka makarani tunahesabu hata tukiwa usingizini.

Kuhusu tumbawe, nimemwuliza mzee mmoja aliyekuwa akipiga mbizi zamani. Amesema bila kusita: kitu cha bahari dawa yake ni bahari. Maji yako yamechoka, yaongezee mapya. Basi nimempa Peterson, yule dereva wa lori wa kwenu, mitungi miwili. Sikuchota kivukoni, pana mafuta ya meli. Nilikwenda Nyali maji yalipojaa, nikaingia mpaka kifuani na suruali yangu ya kazini.

Jambo moja usilisahau. Usitie hata tone la maji matamu ndani ya tangi. Wakumbuka kule kwa shangazi, kwenye mlango wa mto? Kila masika mto ulipofurika na kumwaga maji yake baharini, matumbawe yote ya karibu yaligeuka meupe, tukayaokota yamekufa. Mama alituonyesha mwenyewe. Maji matamu ni sumu kwao.

Usiwe na maneno ya kurudi rudi. Mwanamke nyumba yake ni kwa mumewe, na Huseni ni mtu mwema.

Nduguyo,
Dawud


Majengo, Nyeri
1 Mei 1977

Kaka Dawud,

Salamu, na mvua. Huku hainyeshi, inamwagwa. Huseni anakushukuru. Peterson alifika na mitungi yako akicheka peke yake. Anasema karibu na Kenol alisimamishwa na askari wa barabarani, wakaona mitungi, wakawa na hakika wamekamata pombe. Mmoja akaonja. Akatema, akamwuliza, "Ati hii ni nini, dereva? Machozi ama nini?" Peterson akamwambia, "Ni bahari, afande. Iko na mwenyewe Nyeri." Wakamwachilia kwa kumwonea huruma.

Nilimimina maji yako taratibu. Kwa siku kadhaa nilidhani limepata nafuu, kidole kimoja kilinyanyuka kidogo. Halafu likarudi kule kule. Nimeliondolea ute kwa mswaki laini, bila kulikwaruza. Huseni amelisogeza chini ya taa, halafu akalitoa chini ya taa. Pampu ameifungua akaisafisha. Maji matamu hayajagusa tangi hilo, nakuapia, hata kikombe sikisuuzi karibu nalo. Nayakumbuka yale matumbawe meupe. Yalikuwa yanakata miguu.

Waithira, mama anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kiganjo, alisimama akalitazama leo kwa muda mrefu. Akasema, "Hii kitu yako iko na huzuni, mama. Hata ng'ombe ikikataa kula inakaa hivyo." Nikamwambia halina macho wala moyo litahuzunika vipi. Akanitazama mimi, akainua chombo chake cha maziwa.

Umeniuliza mbona barua zangu zilikatika tangu Januari mpaka Machi? Hukuuliza. Basi nakujibu bila kuulizwa: niliugua kidogo. Sasa nimepona.

Chumba cha mama hukunijibu. Kitanda chake bado kiko dirishani?

Chiku


Mombasa
5 Juni 1977

Mdogo wangu Chiku,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Pole kwa kuugua. Baridi ya huko si ya kuchezea, vaa sweta. Watoto wanakusalimu, na yule mdogo ameng'oka jino la kwanza akalirusha juu ya paa akiomba jingine.

Nimerudi kwa yule mzee. Anasema umelipa maji kidogo mno. Mgonjwa wa homa humpi kijiko kimoja cha uji ukamwacha. Kwa hiyo Peterson anakuja na mitungi mitatu, na kila akishuka na kahawa nitampa mingine. Ongeza kila yanapopungua, usiliache tangi lishuke. Na ule mwiko wetu ushike: maji matamu, hapana.

Tafadhali usianze safari. Njia imeharibika kwa mvua, na mabasi yanakesha matopeni. Mambo mengine uliyouliza tutayazungumza tukijaaliwa kuonana.

Nakuombea kila sala.

Dawud


Majengo, Nyeri
10 Julai 1977

Kaka,

Salamu za hapa ni fupi kwa sababu vidole vyangu vimekufa ganzi. Mlima hatujauona wiki nzima, ukungu unakaa mpaka adhuhuri na nguo hazikauki. Huseni hajambo, anafanya kazi, anarudi, anakula, analala. Haongei sana siku hizi. Wala mimi.

Nimehamia chumba cha nyuma. Nimefunga dirisha, nimeweka jiko la makaa kando ya tangi mchana kutwa ili maji yasipoe. Makaa yananikausha koo na macho, na kichwa kinaniuma, lakini maji ni ya vuguvugu kama ya kwetu. Yanapungua upesi, kila siku yanashuka upana wa kidole, nami najaziliza kwa mitungi yako. Nimekushukuru sana, Kaka. Kila nikifungua mtungi nanusa kwanza.

Jana kidole kimoja cha tumbawe kilidondoka. Nilikikuta chini, juu ya mchanga, kimeoza upande mmoja. Samaki mmoja amekufa. Waithira alinikuta nimekaa chini, nimeshikilia kile kidole kwenye kiganja, akanifungulia dirisha bila kuniomba ruhusa. "Mama, hapa hakuna hewa. Wewe utakufa na hii makaa, na hiyo kitu itabaki inakuangalia." Nilimfokea. Mtu amekuja na maziwa yake nami namfokea. Nimeona haya mpaka leo.

Nimechoka, Dawud. Limebaki kidogo sana. Mwisho wa mwezi wa nane nitapanda basi nije. Sitaki chochote, nataka chumba cha mama na kitanda chake, nilale nikisikia watu wanaozungumza kama mimi. Huseni sijamwambia. Niandalie.

Chiku


Mombasa
15 Julai 1977

Mdogo wangu mpendwa Chiku,

Salamu kwa haraka, barua yako imefika leo nami nakujibu leo leo.

Usije mwezi wa nane. Kwanza nyumba inapakwa chokaa. Pili Subira hayuko vizuri. Tatu, kuna uhaba wa maji mtaani, tunapanga foleni na ndoo. Nne, utamwachaje Huseni bila kumuaga? Watu watasema nini juu ya marehemu mama, kwamba hakutulea?

Usikate tamaa na tumbawe. Peterson anakuja na mitungi minne, nimemwomba sana. Nitakwenda Nyali kila juma ikibidi, hata kama wanangu wananiita mwendawazimu. Litapona. Wewe liongezee maji tu, wala usiondoke hapo.

Kakako,
Dawud


Majengo, Nyeri
14 Agosti 1977

Kaka Dawud,

Salamu kwako na kwa chokaa ya nyumba, ambayo natumai imekauka. Tangu niolewe hujapata kunijibu ndani ya juma moja. Nimeliona hilo.

Ngoja nikupe habari ya juzi, maana sijui niicheke au niililie.

Unajua Huseni hununua maziwa kwa wakulima, na kwa kuwa wengine huongeza maji, anacho kipima maziwa, kile kijiti cha kioo chenye uzito chini. Kwenye maziwa mazuri kinaelea kimesimama juu. Yakitiwa maji kinazama. Basi juzi maziwa ya Waithira yalizamisha kijiti. Huseni akamwonyesha. Ungemsikia mama wa watu!

"Mimi niweke maji? Mimi, Waithira? Hiyo kijiti yako ndio iko na wazimu!"

"Kijiti hakina ukoo na mtu, mama."

"Basi pima hiyo maji ya bahari yenu. Hiyo haina ng'ombe, haina mwenyewe wa kugombana na wewe. Tuone kama itasema ukweli."

Huseni akakipeleka kwenye tangi ili yaishe. Kijiti kikasimama juu kuliko maziwa ya ng'ombe yeyote wa Nyeri, nusura kilale. Waithira akapiga makofi: "Umeona? Maji inashinda maziwa! Kijiti imeharibika!" Mimi nikasema labda ndivyo bahari ilivyo. Nikafungua mtungi wako mpya, tukakitia humo. Kikazama, Kaka. Kikazama mbali sana.

Huseni akakitazama, akanitazama. "Kumbe kaka yako naye anaongeza maji."

Tulicheka. Sijui mara ya mwisho tulicheka lini, Huseni na mimi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Mimi niliyepika maharage tangu nikiwa na miaka minane! Chungu kikikauka, chumvi haiondoki na mvuke. Maji yalikuwa yakipanda hewani tangu mwanzo kwa joto la taa, na zaidi kwa yale makaa yangu, chumvi ikibaki, nami juu yake naongeza chumvi nyingine ya mtungi. Kila mtungi wako, Dawud, na kila safari ya Nyali na suruali iliyolowa, vilikuwa vinalikausha likiwa ndani ya maji.

Wala hukunidanganya. Mlango wa mto ni kweli unaua. Lakini kule ni mto mzima kwa siku moja, na hapa tulihitaji kikombe.

Nimelitega beseni uani, mbali na paa la mabati, nikakinga mvua. Kila asubuhi natoa kikombe cha maji ya tangi, natia kikombe cha mvua, polepole, lisije likashtuka. Nahesabu matone kila nikimimina. Namwona mama amesimama na lile tumbawe jeupe. Jiko nimelihamishia ukumbini, na Huseni ameweka maji yako kidogo kwenye chupa iliyozibwa, tunapima kwa kijiti mpaka ya tangi yalingane nayo.

Maziwa ya Waithira? Yalikuwa na maji. Kijana wake alisuuza chombo akasahau kumwaga. Amekuja kusema mwenyewe, kwa sauti ya juu, kama anayetushtaki sisi.

Safari nimeiahirisha kidogo. Chumba cha mama je?

Chiku


Mombasa
11 Septemba 1977

Mdogo wangu Chiku,

Salamu na furaha! Nimesoma barua yako mara nyingi, nimemsomea na yule mzee, amekasirika hataki kuniona. Nimefurahi zaidi kwamba umeahirisha safari. Kaa hapo ulitunze. Ni vizuri sana. Sasa mambo yamekuwa mazuri, huna tena sababu ya kuhangaika njiani.

Nilikuwa nataka kukuandikia hayo tu. Lakini jana Peterson alipokuja nikamwambia mitungi haihitajiki tena. Akasema, "Afadhali. Huyo mama tangu wazike mtoto hatoki kwa hiyo chumba." Alisema hivyo akifunga turubai, kama mtu anayetaja hali ya barabara.

Chiku, mtoto gani?

Dawud


Majengo, Nyeri
2 Oktoba 1977

Dawud,

Hatujambo. Tumbawe limejivua. Lilikuwa limevaa ngozi kama nta, juma lililopita ngozi hiyo ikapasuka ikaondoka na maji, na chini yake palikuwa safi. Leo asubuhi vijiua vimetoka, si vidole vyote, vitatu tu. Nililia nikiwa nimesimama. Nilifurahi, na sitaki uniharibie furaha hiyo kwa kuniambia ni vizuri nikae hapa.

Kwa kuwa Peterson ana mdomo unaokwenda na kurudi kama lori lake, nami nilimwuliza swali. Nikamwuliza mitungi huwa anaichukulia wapi pale nyumbani. Akasema, "Kwa ile chumba ya mbele, ya mama ya shemeji yako, huyo mgonjwa. Huwa amelala kwa kitanda ya dirisha, na watoto wa binti yake mwingine wako hapo chini kwa mkeka." Akasema wamekuwepo tangu aanze kuja.

Chumba cha mbele chenye dirisha ni kimoja tu. Hakuna chokaa, hakuna foleni ya ndoo. Mama yake Subira analala kwenye kitanda cha mama yetu, na wewe hukuweza kuniandikia mstari mmoja.

Sikasiriki kwamba yuko pale. Mgonjwa alale. Nimekasirika kwamba mwaka mzima nilikuwa nikibisha hodi kwenye chumba chenye watu, nawe upo mlangoni, unaniambia nyamaza kidogo, unanipa mtungi. Nilidhani unaingia baharini mpaka kifuani kwa kunipenda. Sasa naona ulikuwa unanitumia bahari ili nisije kuifuata.

Umeuliza mtoto gani. Siwezi kukujibu.

Chiku


Mombasa
23 Oktoba 1977

Chiku,

Salamu sina za kupamba.

Mama mkwe alikuja baada ya khitma ya mama, kwa majuma mawili, kwa ajili ya hospitali. Hakuondoka. Subira hakusahau maneno mliyotupiana siku ile ya kugawa kanga za mama. Alisema ukiingia wewe anatoka yeye na watoto. Mimi si mtu mkali, unanijua, na kila mtu ndani ya nyumba hii ananijua. Nilidhani muda ukipita mtapoa wote wawili.

Uliyoyasema juu ya mitungi ni kweli, na si kweli yote. Nilipokuwa ndani ya maji nilikuwa nakuwaza wewe. Mtu anaweza kufanya jambo moja kwa mapenzi na kwa woga.

Nimemwambia Subira kwamba unakuja. Amepiga kelele, mimi sikuitika. Njoo. Ulale chumbani kwangu, mimi nitalala barazani. Haitakuwa raha lakini itakuwa nyumbani.

Na huyo mtoto nimemlilia bila kujua nalilia nini, msichana au mvulana, mkubwa au mdogo. Mimi ni mjomba wake. Niambie mtoto gani.

Dawud


Majengo, Nyeri
20 Novemba 1977

Kaka Dawud,

Salamu kwako, kwa Subira, na kwa mama yake, ambaye namwombea apone hapo hapo alipolala. Barazani usilale, una kifua kibovu.

Siji kukaa. Wala si kwa hasira, hasira ilikwisha niliposoma kwamba ulikataa kuitika. Nitakwambia ilivyokuwa.

Barua yako ilipofika Huseni alikuwa anafuta kioo cha tangi. Nilimsomea. Nilipofika pale uliposema wewe ni mjomba wake, nilikunja karatasi. Nikamwambia, "Kaka ameuliza mtoto gani. Nimjibu nini?" Maana nilikuwa sijui, Dawud. Ilikuwa mimba ya miezi sita, Januari. Walinilaza hospitali nikiwa na homa sijitambui. Nilipozinduka wanaume walikuwa wameshamaliza kila kitu, wamemwosha, wamemzika. Sisi wanawake hatwendi maziarani, unajua, na hakuna aliyenieleza. Nami sikuuliza. Nilihisi nikiuliza ndipo atakufa. Huseni aliponiona siulizi alidhani sitaki kusikia. Basi tukakaa hivyo, yeye na hoteli yake, mimi na tangi langu, tunapeana chai.

Huseni aliweka kitambaa chini. Akasema, "Vaa koti."

Tulikwenda kwa miguu. Mimi sikuingia ndani, nilisimama nje ya ua, yeye akaingia akasimama mahali ili nipaone. Ni padogo. Pamepangwa mawe meupe ya mtoni, na nyasi zimekatwa. Nikamwuliza nani anazikata. Akasema anapita kila Ijumaa baada ya sala. Miezi kumi, Kaka, anakwenda pale, anarudi na harufu ya nyasi mikononi, nami nikidhani ni majani ya ng'ombe wa Waithira.

Nililia mpaka nikakaa chini. Yeye pia. Mtu anayepita barabarani angedhani tumepotewa leo.

Nilikuwa nataka kurudi kwa mama kwa sababu nilidhani huku sina mtu wangu hata mmoja. Siwezi kumwacha mtoto huyu sasa nimejua alipo. Njoo wewe, mwezi wa kumi na mbili bandari ikipumzika. Usilete chochote. Uje usimame ndani pale nisipoweza kuingia mimi, umsomee dua kwa sauti, niisikie nikiwa nje ya ua.

Umeuliza mtoto gani. Ni msichana. Baba yake alimpa jina siku ile ile, kabla ya kumweka chini, na hakuwahi kuniambia. Nilimwuliza pale pale juu ya ua, akalitaja.

Anaitwa Mwanaisha, jina la mama.

Mdogo wako,
Chiku